Kabla ya habari za kromosomu, wafundishe walimu kusubiri

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali wilayani Arumeru, kandokando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Januari tulimpokea binti wa miaka minane mwenye sindromu ya Down, tukamweka darasa la kwanza lenye wanafunzi 74. Shule yetu haina kitengo cha elimu maalumu. Walimu wanampenda sana, lakini hatujui tumfanyie nini. Kutwa anakaa, na akichoka anatoka nje. Mwalimu mkuu amenipa siku mbili mwezi Julai na shilingi laki moja na nusu niwaandalie semina walimu wote 15. Mwenzangu ananishauri tumwite daktari atueleze ugonjwa wenyewe. Nianze na nini?"

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na maneno yaliyonikaa ni hayo mawili: "kutwa anakaa". Tatizo umeshaliona kabla hata ya semina. Upendo binti huyo anao tele hapo shuleni. Anachokosa ni mtu wa kumdai kazi.

Mimi kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuwaandaa walimu, kati ya Moshi na Arusha, na shauri alilokupa mwenzako ndilo kosa nililoanza nalo. Katika semina yangu ya kwanza nilijaza ubao kwa michoro ya kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe za mwili. Walimu wakaandika mpaka daftari zikajaa, tukanywa chai, tukaagana vizuri. Baada ya wiki sita nikarudi kwenye shule mojawapo. Mvulana mwenye sindromu ya Down tuliyekuwa tumemzungumzia alikuwa dawati la nyuma, karibu na mlango, anaviringisha kipande cha chaki kati ya viganja. Mwalimu wake alinieleza bila kukosea neno kwamba mtoto huyu ana kromosomu 47 badala ya 46. Nikamwuliza, asubuhi hii umemfundisha nini? Akanyamaza. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilikuwa nimemfundisha kuhesabu kromosomu, na jinsi ya kumfundisha mtoto huyo sikumwonyesha hata mara moja.

Ndiyo maana nakusihi uzigawanye hizo siku mbili. Mwombe mwalimu mkuu utumie nusu siku tu mwanzoni mwa muhula wa pili, na badala ya muda uliobaki iwe nusu saa kila Ijumaa baada ya vipindi, kwa wiki kumi hivi. Kama shule yenu ina ratiba ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, jumuiya yenu ya kujifunza inaweza kulibeba jambo hili bila kumwomba mtu muda mpya. Mwalimu akijifunza jambo moja Ijumaa, akalijaribu kuanzia Jumatatu kwa mtoto aliye mbele yake, Ijumaa inayofuata anakuja na swali la kweli. Akijifunza mambo ishirini kwa siku mbili, anakwenda nyumbani na daftari.

Daktari mwiteni, ila mpeni saa moja na kazi maalumu. Chanzo cha hali hii akieleze kwa dakika tano, kinatosha. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliielezea mwaka 1866, na mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris wakatangaza kwamba inatokana na kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Mtoto huzaliwa nayo. Haiambukizi, si laana, wala hakuna alichokula au kutenda mama yake kikaileta. Umri wa mama huongeza uwezekano, lakini mama wa miaka ishirini naye anaweza kumzaa mtoto wa namna hii. Yasemwe haya waziwazi mbele ya walimu wote, maana minong'ono ya mikosi ya ukoo haiishii getini, huingia hadi ofisi ya walimu. Na yale majina, taahira, zezeta, yakatazwe siku hiyo hiyo. Binti ana jina lake.

Dakika zilizobaki daktari azitumie kwa masikio, macho, moyo na shingo, kwa sababu hapo ndipo mwalimu anapoweza kumsaidia au kumdhuru mtoto bila kujua. Zaidi ya nusu ya watoto hawa wana upungufu fulani wa kusikia. Kwa wengi chanzo ni majimaji mazito yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na yakizidi wakati wa mafua, mtoto aliyekusikia vizuri wiki iliyopita leo anakusikia kama mtu aliyezama majini. Ninyi wa chini ya Mlima Meru mnajua baridi ya Juni na Julai ilivyo. Katika miezi hiyo ndipo mtoto huitwa mkaidi kuliko wakati wowote, eti anaitwa haitiki. Macho nayo: wengi huona kwa shida kitu kilicho karibu, hata wenye miwani. Penseli hafifu kwenye karatasi ya kijivu haifai kitu kwa binti yenu. Mwandikieni kwa maka peni nyeusi, herufi kubwa kwa kimo, mistari michache. Mama yake aulizwe kama masikio na macho yamewahi kupimwa. Kama bado, hilo ndilo la kwanza kufanywa, na hospitali ya KCMC pale Moshi ina idara za macho na za masikio.

Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo mwalimu wa michezo asimkimbize kabla ya kujua historia yake. Na baadhi yao wana ulegevu kwenye mifupa ya juu ya shingo. Kubiringika kwa kichwa, zile sarakasi ambazo watoto wanazipenda, asizifanye. Mkimwona ameanza kuyumba anapotembea, au analalamika shingo, au mtoto aliyekuwa anajua choo ameanza kujikojolea, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa wiki.

Sasa nusu siku yenyewe. Anza na zoezi ambalo halihitaji hata chaki. Ofisi ya walimu ya huko kwetu haikosi Mmaasai, Mchaga, Mpare na Msukuma. Mwombe mwalimu anayejua Kimaasai asimame mbele atoe maagizo sita kwa mkupuo, kwa mwendo wake wa nyumbani: simama, chukua kalamu ya jirani, iweke chini ya kiti, zunguka, kaa, fumba macho. Wasiojua lugha watacheka, kisha watatazamana, kisha watafanya kile anachokifanya binti yenu kila siku: watamtupia jicho jirani wamwigize. Wawili watatu watakaa tu. Halafu arudie agizo moja moja, taratibu, akionyesha kitu kwa mkono. Karibu wote watafuata. Hapo ndipo uwaeleze: watoto wenye sindromu ya Down kwa kawaida huelewa mengi kuliko wanayoweza kusema, kumbukumbu yao ya yale wanayoyasikia ni fupi, na ya yale wanayoyaona ni imara zaidi. Sentensi yenye maagizo matatu inapofika mwisho, la kwanza limeshapotea. Kitu kilicho mkononi mwa mwalimu hakipotei. Ukilisema hilo kabla ya zoezi, ni habari. Ukilisema baada yake, wameshalionja.

Zoezi la pili linataka saa ya mkononi tu, na nikiambiwa nichague jambo moja la kuwafundisha walimu wenu mwaka mzima, ningechagua hili. Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya darasa moja la kwanza huko Arumeru. Mwalimu, dada mpole na mwenye bidii, aliinua ndizi mbele ya msichana mwenye sindromu ya Down, akamwuliza, "Hii ni nini?" Nikaangalia mshale wa sekunde. Haikufika ya pili, dawati la mbele likaimba, "Ndiziii!" Mwalimu akawapongeza, akasonga mbele. Msichana alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga.

Wakati wa mapumziko nilimwomba mwalimu arudie, na watoto watatu tu, hao wawili wengine wameambiwa waweke kidole midomoni. Na yeye mwenyewe ahesabu hadi kumi moyoni, asirudie swali, asimsaidie. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne msichana aliitazama ndizi. Kwenye sita akautazama mdomo wa mwalimu. Kwenye nane akasema, "Disi." Mwalimu alinitazama, akaiweka ndizi mezani, akachukua chungwa.

Zile sekunde nane ni muda anaohitaji mtoto kuisikia sauti, kuitafutia maana, kulitafuta neno, kisha kuupanga mdomo wenye misuli legevu ulitamke. Ukirudia swali kwenye sekunde ya tatu, unamrudisha mwanzo. Wafanyeni walimu walijaribu hili wawili wawili, mmoja akishika saa. Utaona jinsi sekunde kumi zinavyomtesa mwalimu wa darasa la watoto 74. Bila mazoezi hakuna anayeziweza.

Na kabla ya nusu siku hiyo kwisha, mpe kila mwalimu karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja: anachofanya mwenyewe. Upande wa pili: anachofanya akisaidiwa kidogo, na ni msaada gani. Safu ya "hawezi" isiwepo. Kila mwalimu, hata wa darasa la sita asiyemfundisha, amwangalie binti huyo dakika kumi na tano katika wiki ya kwanza, aandike. Ijumaa mkae muunganishe karatasi. Kwa kawaida mwalimu wa zamu anagundua kwamba mtoto aliyesemwa hajui kuhesabu ndiye anayegawa vikombe vya uji bila kumruka mtu.

Kusoma ndiko ningependa ukutumie Ijumaa nyingi kuliko kwingine. Zamani iliaminika watoto hawa hawasomi, basi. Karibu na mwaka 1980 baba mmoja Mwingereza, Leslie Duffen, alimwandikia mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth kumweleza kwamba binti yake Sarah, mwenye sindromu ya Down, ameanza kusoma maneno kwenye kadi tangu akiwa na miaka mitatu, na kwamba kusoma ndiko kulikomfundisha kusema. Barua hiyo ikazaa utafiti wa miaka mingi. Mwaka 2012 yakachapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha watoto 57 wenye hali hii katika shule za kawaida. Waliofundishwa dakika 40 kila siku, kusoma na lugha pamoja, baada ya wiki 20 walikuwa wamewapita wenzao katika kusoma maneno na katika msamiati waliofundishwa. Mambo matatu ya jaribio hilo yanakuhusu moja kwa moja. Waliowafundisha hawakuwa mabingwa, walikuwa wasaidizi wa walimu waliopewa mafunzo na kufuatiliwa. Waliohudhuria vipindi vingi ndio waliosonga zaidi. Na faida haikujimwaga yenyewe kwenye mambo ambayo hayakufundishwa, maana yake usitegemee mtoto huyu aokoteze. Unachotaka ajue, mfundishe hicho hicho.

Dakika 40 hamtazipata, najua. Anzeni na kumi na tano, kila siku, saa ile ile, mwalimu yule yule au msaidizi wake. Kumi na tano za kila siku zinaishinda saa nzima ya Ijumaa.

Lakini njia yenyewe msiichukue kama ilivyo Uingereza. Kiingereza hakisomeki kwa silabi kama Kiswahili, na wao hukaa sana kwenye neno zima. Sisi tuna ba, be, bi, bo, bu, na ni utajiri mkubwa, ila tunaufundisha kwa kuimba. Darasa zima linapaza sauti, na mtoto mwenye sikio dhaifu na kumbukumbu fupi ya sauti anajifunza wimbo. Nimewaona wakiimba safu nzima bila kukosea huku macho yako dirishani. Ukimwonyesha bu peke yake, hana habari.

Mimi huanza na maneno kumi kutoka maisha yake: jina lake, mama, dada, chai, ugali, mpira, mbuzi kama wanafuga. Mengine aseme mama yake. Yasifanane sura mwanzoni. Mpira na chai ndiyo, kuku na kaka bado. Yaandikwe kwa herufi ndogo kwenye kadi za manila, kila neno kadi mbili. Kwanza afananishe: kadi mbili mezani, ya tatu mkononi mwake, aiweke juu ya pacha wake. Wewe ndiye unayesema neno, yeye hadaiwi kusema. Akizoea, achague: "Nipe chai." Mwisho kabisa ataje: "Hili ni neno gani?", na hapo ndipo zile sekunde kumi. Akielekea kukosea, ushike mkono wake uupeleke kwenye kadi sahihi kabla hajafika kwingine. Watoto hawa wakikosea mara tatu, wanalikariri kosa, kisha wanakataa kadi zote.

Akifikisha maneno thelathini hivi, toa mkasi. Chukua maji, kata: ma, ji. Chukua jiko, kata: ji, ko. Zile ji mbili mpe azifananishe kama alivyofananisha kadi. Halafu ziweke pamoja. Anasoma jiji, neno ambalo hakuna aliyemfundisha, na Arusha ni jiji, amelipita kwa daladala. Hapo silabi zimekuwa vitu vinavyoshikika, na hata ule wimbo wa darasani unaanza kumfaa.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wengi hawaijui. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio dhaifu linadaka mkia wa neno na kuuacha mwanzo, na mwanzoni mwa kitenzi ndiko kunakokaa mtendaji na wakati. Ndiyo maana utamsikia mtoto wa miaka tisa akisema "mama pika", na watu wanadhani haelewi kwamba mama yuko mmoja na anapika sasa hivi. Mwandikieni "Mama anapika": "a" kwa rangi nyekundu, "na" kwa rangi ya buluu, "pika" kwa nyeusi, asome akipitisha kidole. Asichokisikia anakiona. Baada ya wiki kadhaa za kadi za namna hii, nimewasikia watoto wakianza kukidaka kile a katika mazungumzo.

Usiwaruhusu walimu wawaambie wazazi waache Kimeru au Kichaga nyumbani eti kinamchanganya. Tafiti zilizofanywa Kanada hazikuona kwamba watoto wenye sindromu ya Down wanaokua na lugha mbili wako nyuma ya wenzao wa lugha moja. Mkimnyang'anya lugha ya bibi yake mtamnyang'anya mzungumzaji wake mkubwa.

Kuandika kusiwe pingu ya kusoma. Vidole vyake ni vifupi na misuli ni milegevu, atasoma mapema kuliko atakavyoandika. Ajibu kwa kuweka kadi. Angalieni pia miguu yake: kama inaning'inia chini ya dawati, mwili wote unatumia nguvu kujishikilia, na mkono haupati kitu. Wekeni tofali au kibao chini ya nyayo. Ni jambo dogo, na nimeona mwandiko ukibadilika ndani ya wiki.

Hesabu nitaisema kwa ufupi. Chukueni trei la mayai, lile la mashimo thelathini, kateni kipande cha mashimo kumi, matano kwa mawili. Vizibo vya soda viingie shimoni kimoja kimoja. Saba ikishapata umbo, mtoto anaitambua kwa kuiona, bila kuanza tena moja, mbili, tatu. Kisha sarafu za kweli na duka la kweli.

Hilo la kutoka nje darasani umelitaja kwa mstari mmoja, nami nalipa uzito. Mtafiti Jennifer Wishart wa Edinburgh alionyesha kwamba watoto hawa mara nyingi huikwepa kazi, ngumu na hata ile wanayoiweza, na hutumia uchangamfu wao kukwepa: tabasamu, kukumbatia, kujilaza sakafuni, kukimbia. Kila wanapofaulu kukwepa, wanapoteza nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo akitoka nje, mwalimu ajiulize kabla hajakasirika: dakika moja kabla kulikuwa na nini, na alipotoka alipata nini? Kama alipata kufukuzwa na watoto watano wanaocheka, huo umekuwa mchezo mzuri kuliko somo. Atumwe mtu mzima mmoja, bila kelele, amrudishe, na kazi iliyomngoja imngoje, hata kama imefupishwa. Fimbo isiguswe. Inamfundisha kuogopa darasa, na ndilo mnalotaka alipende. Mlinzi wa geti na mpishi wawemo katika nusu siku yenu ya kwanza, maana barabara kuu iko hapo, na wao ndio watakaomwona kwanza.

Na yale makumbatio. Walimu watasema, "Ana upendo, anamkumbatia kila mtu." Ana miaka minane, kesho kumi na mitatu, na dunia ina watu wabaya. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kila mtu ni wa kukumbatiwa hana ukuta wowote. Utamaduni wetu unao ukuta mzuri tayari: shikamoo na mkono. Akija mbio mikono wazi, mwalimu apige hatua nusu nyuma, anyooshe mkono, amsubiri aseme shikamoo, aitike marahaba kwa uchangamfu wote. Walimu wote 15, kila siku, bila hata mmoja kuteleza. Mmoja akiendelea kumpakata, wengine wote wamefanya kazi bure. Wanafunzi wenzake nao waelezwe, hasa wasichana wakubwa wanaombeba mgongoni na kumfungulia kila kitu kama mwanasesere. Wamsubiri, wao pia.

Mama yake mwiteni nusu siku ile, azungumze dakika ishirini. Asiulizwe habari za uchungu wake. Aulizwe binti anafanya nini nyumbani, anapenda nini, akichoka anaonyeshaje, anamwelewaje asipoeleweka. Mama mmoja wa Moshi aliwaambia walimu mbele yangu kwamba bintiye huchambua maharage na kuondoa mawe yote. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba mtoto huyo hana umakini.

Hamko peke yenu. Chuo cha Ualimu Patandi, chuo cha serikali cha elimu maalumu, kiko hapo Tengeru, pua na mdomo na shule yenu. Andikeni barua kupitia afisa elimu kata na afisa elimu maalumu wa halmashauri, mwombe mkufunzi aje kumwangalia mtoto, na walimu wanafunzi wake waje kwenu kwa mafunzo kwa vitendo. Mkipata nauli, pelekeni walimu wawili watatu Usa River, kwenye kituo cha KKKT kinachofundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Mwalimu ambaye hajawahi kumwona kijana mwenye ulemavu wa akili akifanya kazi hawezi kujua anamwandaa huyu wa miaka minane kwa maisha gani. Na akitokea mtu wa kuwaambia mtoto huyu apelekwe "shule zao", Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida kama mtoto yeyote. Darasa la pili mwakani apande na wenzake. Asibakizwe la kwanza miaka minne akikaa na watoto wanaozidi kuwa wadogo kwake.

Kuhusu ile laki moja na nusu: manila, maka peni nne za rangi, mkasi, gundi na bahasha ngumu za kutunzia kadi. Nauli ya mama na ya daktari. Chai na maandazi ya nusu siku, mlinzi na mpishi wakihesabiwa. Kinachobaki kigawe kwa Ijumaa, chai ya rangi inatosha. Usinunue vitabu kwanza. Baada ya Ijumaa ya tatu niandikie yaliyoandikwa katika ile safu ya kwanza, anachofanya mwenyewe, nami nitakuambia maneno kumi yanayofuata yatoke wapi.